Inchi za Mkongojo wa Dani

Kila akitoka shule, Risper aliweka mkoba, akanawa, kisha akamkanda nyanya yake nyonga kwa maji moto. Alimwita Dani, kama watoto wengi wa Sindo wanavyowaita nyanya zao. Dani alikuwa mwanamke mrefu, lakini tangu ateleze akichota maji, hakuwa amefika kanisani. Jamani, hilo lilimuuma kuliko nyonga yenyewe!

"Nikipata mkongojo, Sabato hainipiti," alisema. "Nenda kwa fundi Mochama."

Mochama, seremala aliyetoka Kisii, alipima kazi zake kwa inchi. Risper alimpima Dani kutoka kifundo cha mkono hadi sakafuni: sentimita themanini na nne. Rula yake ya sentimita thelathini, wanafunzi waliiita futi. Akawaza: shuleni vipimo huenda kwa makumi, basi futi ina inchi kumi, na inchi moja ni sentimita tatu. Akagawanya, akaenda mbio kwa fundi.

"Inchi ishirini na nane."

"Kwani nyanya yako ni mfupi hivyo?" Mochama alishangaa.

"Fundi, hesabu mimi naijua!"

Mochama akacheka, akachukua msumeno.

Mkongojo ulipofika, Dani aliuegemea, akainama kama anayetafuta sindano iliyoanguka.

"Umenitosha kabisa, mjukuu wangu," akasema.

Sabato akaenda kanisani vivyo hivyo. Akina mama wakaguna, "Huyo Mochama naye! Amekukatia kijiti." Jioni Risper alimkuta Dani amejilaza, ameshika mgongo, ameuma meno. Akamwonea huruma sana, akidhani ni maumivu ya kule kuteleza.

Jumatatu mwalimu aliandika ubaoni: futi moja ni inchi kumi na mbili, inchi moja ni sentimita mbili nukta tano nne. Risper akafungua daftari haraka. Alikokotoa upya, akapata inchi thelathini na tatu. Alikuwa amempunja Dani inchi tano.

Angeweza kunyamaza, kwani lawama zilikuwa zimeshamwangukia fundi. Lakini baada ya masomo alikwenda moja kwa moja karakanani.

"Fundi, kosa ni langu," alisema, machozi yakimlengalenga. "Nilidhani futi ina inchi kumi. Na watu wanakusema wewe."

"Pole, mama. Usilie." Mochama alifungua tepu yake. "Upande huu sentimita, upande huu inchi. Themanini na nne imekutana na ngapi?"

"Thelathini na tatu!"

"Haya, shika msasa. Huu wa pili tutautengeneza pamoja."

Jioni hiyo Dani aliposimama na mkongojo mpya, mgongo ulinyooka, kichwa kikakaribia kizingiti cha juu cha mlango. Risper akamweleza kosa lake na alivyolikiri kwa fundi, akamkumbatia kiunoni kwa nguvu, akalia.

"Mbona hukuniambia unaumia?"

"Uliuleta kwa furaha, nikaogopa kukuvunja moyo," Dani alisema. "Basi tumekosea sote wawili. Kabla hujatoa kipimo, hakikisha unajua kukigeuza. Na ukikosea, sema mapema kama ulivyosema leo, maana kosa likifichwa, mwingine ndiye anayeumia. Mimi pia nikiumia nitakuambia."

"Sasa unaumia wapi?"

"Hapa tu, unaponibana," Dani akacheka, lakini hakumwachilia.