Panya wa Adhana

Mimi si mwoga. Miaka kumi na sita nakaa kaunta ya ofisi ya serikali. Watu wa kutisha nimeshawaona, tena mchana kweupe. Kwa hiyo jioni ile nilipokwenda Khuwair ya Kusini kumpokea kaka yangu zamu ya kumuuguza Bibi, wasiwasi wangu ulikuwa mmoja tu: nepi nilizonunua zisije zikambana.

Ghanim alinipokea mlangoni, viatu keshavaa.

"Uji keshakunywa," alisema. "Na stoo mna panya. Lakini panya wa dini hao, hawatoki ila kwa adhana."

Akacheka, akaondoka upesi kuliko kawaida yake.

Bibi Muhsina alikuwa kitandani, macho wazi. Kiharusi kilimchukua ulimi wiki tatu nyuma. Bibi yangu, ambaye hata mashoga zake walikuwa wakiuogopa mdomo wake, sasa kusema "maji" hawezi. Nilimpangusa uso, nikakaa karibu naye.

Maghribi ikaadhiniwa.

Kho... kho.

Kikohozi chembamba, cha mtoto. Kilitoka stoo.

Kisha kitu kikaburuzika sakafuni, polepole... Ikaja harufu ya chokaa kuukuu na boriti, kama nyumba za Unguja. Khuwair misikiti imekaribiana, mmoja ukimaliza mwingine bado uko katikati. Kitu kile kilitambaa mpaka adhana ya mwisho ilipokatika, ndipo kikatulia. Mlango wa stoo, niliouona umefungwa, ulikuwa wazi.

Chuoni, utotoni tukisoma Kurani, tulifundishwa kwamba shetani akisikia adhana hukimbia.

Hiki kilikuwa kinaisubiri.

Nilimtazama Bibi. Machozi yalikuwa yanamtiririka hadi masikioni. Hapo nikakumbuka.

Alinihadithia mara moja tu. Mwaka sitini na nne, kwao Unguja, siku za mapinduzi, yeye ana miaka kumi na mmoja, walijificha aila mbili, watu tisa, juu ya dari ya jirani yao Bi Siwema. Bi Siwema hakuwa Mwarabu kama wao, na kwa kuwaficha alikuwa anaiweka roho yake rehani. Alipika chungu kilekile cha kila siku ili majirani wasishuku, na kila mtu akapata tonge mbili. Mama wawili waliokuwa mashoga tangu utotoni waligombana kwa kunong'ona, nani akae karibu na tundu la hewa. Kukohoa, kujigeuza, kulia, yote yalingoja adhana, sauti ya muadhini iwafunike.

Mdogo wake, Wadha, alikuwa na miaka sita, na pumu. Kila adhana alimnong'oneza dada yake: "Muhsina, bado?" Naye humjibu: "Bado."

Siku ya kumi na mbili lori lilikuja kuwachukua kwa siri. Kikohozi cha Wadha kingewamaliza wote.

"Mama akanambia, mwambie mwenzio asubiri," Bibi alinisimulia. "Nikamwambia, kaa hapa, usitoke mpaka nikwambie. Akaitika kwa kichwa. Nnakiona kile kichwa hadi leo."

Ilikuwaje baadaye, hakusema. Walivuka bahari wakaja huku, na nyumba ile hawakuiona tena.

Tangu nina akili zangu, adhana ikiadhiniwa midomo ya Bibi hucheza. Sisi tukisema, mcha Mungu huyo, anamjibu muadhini. Na sasa wiki tatu midomo haikucheza. Wiki tatu hakuna aliyemjibu Wadha.

Nilitaka kukimbia. Kumbeba Bibi peke yangu siwezi, na kumwacha ningemwachaje? Nilimpigia Ghanim, hakupokea. Bibi alinishika kwa ule mkono mmoja uliobaki hai, nikakaa saa nzima naukodolea macho mlango. Niliogopa, sifichi.

Isha.

Kho... kho.

Ukumbini sasa. Kikatambaa. Mlangoni... Kikapita miguuni mwangu, baridi, nami sikuona kitu. Chini ya kitanda pumzi zikaanza kupiga filimbi.

Bibi alifungua kinywa. Alikaza shingo mpaka mishipa ikamtoka. Ikatoka hewa tupu.

"Muhsina..." sauti ikasema chini ya kitanda. "Muhsina, bado?"

Neno moja tu lingetosha. Toka. Toka, mama, yamekwisha. Nilikuwa nalo mdomoni, wallahi. Mara vidole vinne vidogo, vyeupe kwa chokaa, vikashika ukingo wa shuka.

"Bado," nikasema.

Vidole vikaachia. Kikarudi stoo kwa utiifu, hakikulalamika hata kidogo. Bibi alinitazama, kisha akaugeuza uso ukutani. Kabla ya Alfajiri alikuwa ameshakwenda zake.

Tulimzika, nyumba ya kupanga tukamrudishia mwenyewe. Nikadhani ndiyo mwisho.

Mimi nakaa Madinat Sultan Qaboos, nyumba mpya, rangi haijakauka. Kabati langu la nguo linanuka chokaa. Kila adhana naulizwa kwa jina la Bibi, na kila adhana najiambia leo nitamwambia toka. Sijaweza.

Jana Maghribi mwanangu Wijdan, wa miaka kumi na mmoja, alinikuta nimesimama mbele ya kabati.

"Mama, midomo yako inacheza. Unasema nini?"

"Namjibu muadhini," nikamwambia.

Akaja akasimama ubavuni mwangu, akaanza kuchezesha midomo na yeye.