Ndiyo Kumi na Tisa za Peniel

Manyoni nzima kila mtu ana namna yake ya kulisimulia jambo hili, na wote wanakosea, kwa sababu wanaanza na makelele. Halikuanza na makelele. Lilianza na mstari mmoja wa Kiswahili kwenye kompyuta ambayo tangu inunuliwe haikuwahi yenyewe kumwambia mtu neno la Kiswahili.

Mwenye kompyuta ni Peniel. Steshenari yake iko chumba cha mbele cha nyumba. Vyumba vya nyuma anakaa yeye na mkewe Loyce, ambaye siku hizo alikuwa na mimba ya miezi minane, mimba yao ya kwanza. Mashine yenyewe ya Linux, si Windows ya watu wengi, tena kuukuu, programu mpya ya kutengeneza kadi za harusi ikawa haiingii. Mtu mwingine angeacha. Peniel akasema ataikompaili mwenyewe. Usiyejua nikueleze, maana mimi darasa la saba niliishia njiani lakini kichwa kinashika: programu ya kupakua ni ugali ulioiva. Kukompaili ni kupewa unga, yaani maandishi ya waliotunga, mashine yako ndiyo isonge. Kwanza inakagua kama vifaa vyote vipo, ndipo inapika.

Jumamosi ile, saa saba mchana, jua la Agosti likichoma mabati, ukaguzi ulikwama. Kifaa kimoja hakikuwepo. Peniel akakichukua kwenye tovuti asiyoijua, isiyo na jina la mtu wala tarehe, akaanza upya. Mistari ikapanda kwa Kiingereza kama kawaida: hiki kipo, kile kipo. Halafu ukaja huu:

Natafuta mlango wa nyuma... upo.

Akacheka. Akadhani mtunzi ni Mtanzania mwenzake anatania. Na kwa kuwa upishi ule huchukua saa mbili, na mashine hukatiza kila mara kuuliza kama iendelee, akafanya alivyozoea: akaweka amri ndogo ya kujibu ndiyo kwa kila swali, akafunga duka, akaenda kula.

Loyce alikuwa ameandaa ugali wa mtama na mlenda. Hawakufika mbali. Loyce aliacha tonge lake hewani.

"Peniel, dukani umemwacha nani?"

"Nimefunga."

"Kuna mtu anauliza maswali." Akasikiliza, sauti yake ikashuka. "Na wewe unamjibu."

"Mimi si huyu hapa, nina tonge mdomoni."

"Ndiyo maana naogopa."

Peniel naye akasikia. Sauti nyembamba, kama ya mtu anayesemea ndani ya mtungi, iliuliza kitu. Kisha sauti ya Peniel mwenyewe, na kile kikohozi chake kidogo cha kuanzia, ikasema ndiyo.

Akaenda. Alipofungua mlango akakutana na harufu ya udongo uliolowa mvua, na Manyoni haikuona tone tangu Aprili, na feni ya mashine ilikuwa inahema kama mwanamke aliye kwenye uchungu, inapanda, inashuka, inapanda tena, na kwenye kioo maswali yalikuwa yanajipanga moja chini ya jingine, nikae chumba cha mbele, ndiyo, nile mnachokula, ndiyo, nimjue mama, ndiyo, huyo anayekuja nimpokee mimi, ndiyo, akachomoa waya ukutani na kioo hakikuzima, akageuka na kuona printa, ambayo wino wake uliisha tangu Alhamisi, inavuta karatasi yenyewe na kuyachapa yote, mpaka ukurasa wa mwisho, uliotoka kichwa chini, akaunyakua kabla haujamaliza kutoka, ukachanika, kipande cha juu kikabaki ndani.

Hapo ndipo Loyce alipompigia shangazi yake, Scholastika wa kijiji cha Mkiwa, anayeuza vitunguu pale njia panda na kutibu watu, rozari shingoni. Alifika kabla ya magharibi. Mimi nilikuwa mlangoni kabisa, mbele ya majirani wenzangu tuliovutwa na makelele ya Peniel. Wanaosema nilikimbia ni wale waliokimbia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Nani kamkaribisha huyu?"

Peniel akainamisha kichwa. "Alikuwa anauliza, shangazi. Mashine ikawa inajibu kwa niaba yangu."

"Yote ndiyo?"

"Yote."

"Hata mlevi huuliza kwanza anakubali nini," alisema bibi yule kwa upole, nao upole wake ulimuumiza Peniel kuliko tusi. "Aliyeingia kwa ruhusa ubani haumtoi. Anyimwe. Na anyime mama, ndiye mwenye mtoto. Wewe soma."

Peniel akasoma swali la kwanza kwenye karatasi. Loyce akaweka kiganja tumboni. "Hapana." La pili. "Hapana." Kila hapana, feni ikapungua pumzi, harufu ya mvua ikarudi nyuma hatua moja, na mtoto akapiga teke. La kumi na nane, kioo kikazima.

"La kumi na tisa," shangazi akasema.

Peniel akageuza karatasi. Kulikuwa na jibu tu, ndiyo, limekaa chini ya mchaniko. Wakaifungua printa, wakaivua mpaka springi zake. Kile kipande hakikuwemo.

"Hilo nalo hapana," Loyce akanong'ona. "Lolote lile, hapana."

Shangazi akaigusa karatasi pale ilipochanika. "Mwanangu, huwezi kumnyima kitu usichokitaja."

Mtoto alizaliwa salama, wa kiume, kilo tatu na nusu. Kila jioni Loyce anampakata, anamnong'oneza asiyeonekana. Macho yake, hapana. Sauti yake, hapana. Usingizi wake, hapana. Miguu atakayoendea shule, hapana. Mkono wa kulia, hapana. Wa kushoto, hapana. Leo mtoto ana miezi saba, na Loyce bado hajamaliza kutaja vilivyomo ndani ya mtu.