Mgongo wa Mpiga Makasia

Jioni ile nilikwenda kwa Mama Kilonzo kuazima sufuria kuukuu ya kuchemshia lami. Basi. Hakuna kingine nilichokitaka kwake.

Jua lilikuwa limekaa juu ya milima ya Upare, ng'ambo ya Ziwa Jipe, na viboko walikuwa wameanza kukoroma ndani ya mafunjo. Mimi na mdogo wangu Hanif tulikuwa tumetoka Voi wiki ile kuja kufufua mashua tatu za makasia. Ukisema Voi ina fundi wa mashua watu hucheka, na wana haki ya kucheka. Maji ya mfereji wenyewe tunayangoja kama mgeni wa heshima. Lakini marehemu baba alihamia Voi kutoka Vanga na tezo lake begani, na ingawa mimi naishi kwa vitanda na makabati, kazi aliyonifunza sikuisahau. Titus, bwana mmoja wa Werugha aliyefungua kambi ya wageni pale ziwani, alisikia habari zangu akanipigia simu.

Mama Kilonzo alikuwa Mkamba, jina lake hasa Syombua, na nyumba yake ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na maji. Aliishika ile sufuria kifuani bila kunipa.

"Fundi," akasema. Sauti ilikuwa ya chini, kama ya mtu aliye karibu na mgonjwa aliyelala. "Ile mashua ya kijani. Umeona shimo yake?"

"Nimeliona, mama. Halikuoza lile. Kuna mtu alilitoboa kwa kekee."

"Ni mimi nilitoboa."

Akaniambia, na hakulia hata kidogo. Mashua ilikuwa ya mwanawe, Kilonzo, kabla Titus hajainunua kwa bei ya kuni. Mwaka jana alitoka kwenda kutazama nyavu, na mashua ikarudi peke yake, makasia yakiwa yamelazwa ndani vizuri. Mwili haukuonekana.

"Halafu akaanza kuja," akanong'ona. "Jioni jioni. Mashua inatoka hapa bila mtu, inarudi na yeye. Anafika hapo kwa matope. Hashuki."

"Anangoja nini?"

"Mtu wa kumpokea makasia."

Nikamuuliza alijuaje kuwa ni yeye, maana mpiga makasia huwa amewapa mgongo watu anaowaendea. Ndivyo kazi ilivyo. Unatazama ulikotoka, na unakokwenda hukuoni.

"Kwa makasia," akasema. "Anapiga mara mbili, anapumzika. Mara mbili, anapumzika. Kiboko alimvunja bega ya kulia akiwa kijana. Hiyo sauti siwezi kusahau." Akanikabidhi sufuria. "Usizibe, fundi. Tengeneza hizo mbili. Hiyo iache ikauke."

"Siizibi, mama. Nimekupa neno langu."

Nililitoa lile neno kirahisi, kama mtu anayetoa salamu njiani.

Kesho yake nikaigonga mashua ya pili kwenye mkuku, ule uti wake wa chini, na nyundo ikazama. Mchwa walikuwa wameula wote, wakaacha rangi tu imesimama. Titus akaja, mikono mifukoni.

"Wageni wanafika Jumamosi, fundi. Nimewaambia kuna mashua mbili. Sasa hii ya kijani shida yake ni gani? Si ni katundu tu?"

Ningeweza kumwambia. Maneno yalikuwa mdomoni. Lakini fundi akionekana anaogopa tundu la ukubwa wa kidole gumba, nani atamwita tena? Na ile mashua ya kijani, niseme ukweli, ilikuwa nzuri. Mbao za mvule, mataruma, zile mbavu zake, yamekaa sawasawa, kazi ya mtu aliyejua kazi. Iliniuma kuiona imelala kifudifudi juu ya magogo na tundu tumboni.

"Hakuna shida," nikasema.

Hanif nikamtuma Taveta kununua rangi, ili asinione.

Nikachonga kizibo, nikakipaka gundi, nikakigongomea polepole. Ko. Ko. Nikatua kufuta jasho.

Ko, ko... Kimya.

Sauti ilitoka ndani ya mashua.

Nikainama nikachungulia chini yake. Mchanga mkavu. Hakuna mjusi, hakuna panya. Lakini kulikuwa na harufu, ile ya nguo zilizosahauliwa kwenye beseni na maji. Na kutoka kwenye ubao ambao haukugusa ziwa tangu mwaka jana, tone la maji likaanguka kwenye mkono wangu. Lilikuwa baridi.

Ko, ko... Kimya.

Nikajiambia ni mbao zinajinyoosha kwa joto. Mbao hujinyoosha, hilo ni kweli. Ila hazijui kuhesabu mpaka mbili. Nikapachika pamba kuzunguka kizibo, nikamwagia lami, na Hanif aliporudi tukapaka rangi. Ilipokauka, hata mimi sikuweza kuliona tundu lilipokuwa.

Hapo sasa ndipo penye dhambi yangu. Kuziba nilikosea, lakini ningeweza kusamehewa.

Baba alikuwa na sharti lake. Mashua ikitoka mikononi mwa fundi, fundi mwenyewe ndiye anayeipanda kwanza, na anaipanda peke yake. Ikiwa umeziba vibaya, uzame wewe, usimzamishe mtoto wa watu. Nilikuwa sijapata kulivunja sharti hilo hata mara moja. Ijumaa, baada ya alasiri, tukazishusha mashua majini. Ile nyeupe, ya kwanza niliyoitengeneza, nikaipanda, nikaizungusha, nikarudi. Kisha nikaishika ile ya kijani kwa ukingo, na miguu ikakataa. Nilikuwa naogopa. Sikuwa namwamini yule mama, lakini nilimwogopa mwanawe.

Nikashika kiuno.

"Mgongo huu, Hanif. Umenikaza. Ipande wewe."

Hanif alikuwa mtu wa maneno mengi na mzaha usiokwisha, mvivu wa asubuhi, hodari wa jioni. Akaruka ndani, maji yakamrukia kwenye fulana yake ya manjano. Alipiga makasia kama alivyofanya kila kitu, kwa papara, pa-pa-pa-pa, bila kupumzika. Na kwa kuwa mpiga makasia hutazama alikotoka, alikuwa ananitazama mimi muda wote akienda. Mimi nikawa nimesimama wima, nimenyoosha shingo nimwone vizuri.

"Kaka!" akapaza sauti akicheka. "Mgongo umepona ghafla!"

Nikacheka. Akaingia kwenye uchochoro wa mafunjo, nayo yakajifunga nyuma yake.

Nikangoja. Jua likagusa mlima. Ndege waliokuwa wakipiga kelele kwenye mafunjo wakanyamaza wote pamoja, kama darasa linapoingiwa na mwalimu. Nikamwita. Viboko nao wakanyamaza.

Halafu nikasikia makasia.

Mara mbili... Kimya.

Mara mbili... Kimya.

Mashua ya kijani ikatoka kwenye mafunjo, na mgongo wa mtu ukinijia. Fulana ya manjano. Imelowa yote, imeganda mwilini. Bega la kulia limeshuka chini kuliko la kushoto.

"Hanif?"

Hakugeuka. Mara mbili... kimya. Harufu ya beseni ikanifikia kabla ya mashua. Nyuma yangu nikasikia kandambili kwenye matope. Mama Kilonzo alikuwa ametoka nyumbani kwake mbio mbio, leso imeanguka, kichwa wazi.

"Nani ameziba?" akanong'ona.

Mashua ikagusa matope, ikatulia. Yule aliyekuwa ndani akayalaza makasia vizuri, moja huku, moja huku. Kisha akageuka.

Alikuwa Hanif. Uso ule ule, kovu lile lile kwenye nyusi. Nikasema alhamdulillah kwa furaha. Nikanyoosha mkono nimshike. Macho yake yakanipita, yakaenda kwa yule mama.

"Mwaitu," akasema.

Hilo ni neno la Kikamba, la mtu kumwita mama yake. Hanif hajui Kikamba. Hajui hata salamu.

Mama Kilonzo aliinua mikono nusu, kama mtu anayetaka kupokea mtoto. Kisha akaishusha, akarudi nyuma hatua kwa hatua.

"Wangu nilishamlilia," akaniambia kwa sauti ile ya chini. "Huyu umemtoa wewe, fundi. Enda naye."

Nikaenda naye. Ningefanya nini? Nilimdanganya Titus kwamba mdogo wangu ameanguka majini, ameshtuka. Titus akatupa pole na gari la kutufikisha Voi.

Jannat, mke wa Hanif, ndiye aliyetupokea mlangoni. Nilijiandaa kwa maswali. Lakini siku zilivyopita nikaona uso wake unang'aa. Hanif sasa anaamka mapema. Anachota maji kabla hajaambiwa. Hasemi ovyo, hatoki jioni. Anakaa kizingitini akilisugua bega lake la kulia.

"Shemeji, ziwa limemfunza adabu," Jannat akaniambia akicheka. "Umeniletea mume aliyetulia." Kisha akapunguza sauti. "Ila godoro halikauki upande wake. Naanika kila siku. Na usiku mikono yake inakwenda tu, hivi na hivi. Ni nini?"

"Uchovu," nikasema. "Utamtoka."

Nilimtazama machoni nikamwambia hivyo. Jannat ni mtoto wa jirani yetu, nimemjua tangu akicheza mdako. Chakula changu hunitengea kabla ya mtu mwingine yeyote.

Sikuweza kuvumilia. Nikarudi Jipe na kekee kwenye mfuko, bila kumuaga mtu. Wageni wa Titus walikuwa wameipenda mno mashua ya kijani. Nikaikuta jioni imefungwa kwenye kigingi, ndiyo peke yake ukingoni, maana ile nyeupe ilikuwa juu ya magogo ikipakwa rangi upya. Ziwa lilikuwa tupu. Mama Kilonzo alikuwa amekaa pale karibu kama aliyejua nitakuja.

"Ukitoboa," akasema, "wangu anarudi chini. Na wako anabaki huko huko. Atarudi na nini?"

Kekee ikawa nzito mkononi.

"Basi nifanye nini, mama?"

"Makasia inataka mtu wa kupokea. Ni wewe uliziba." Akaniangalia kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyonimaliza. "Ukikaa wewe, ndugu yako anaweza kushuka. Na wangu akapumzika. Mimi sijui vizuri. Nafikiria tu."

Nikapanda. Wallahi nilipanda. Nikakaa kwenye ubao, nikaligeuzia ziwa mgongo, nikashika makasia. Yalikuwa yamelowa, na mipini yake ilikuwa na vuguvugu, kana kwamba mtu ameyaachia sasa hivi. Mbele yangu nilimwona yule mama amesimama ukingoni, na nyumba yake, na moshi wa jikoni kwake.

Nyuma yangu nikasikia.

Pa-pa-pa-pa.

Papara. Bila kupumzika. Yanakuja kutoka kwenye mafunjo, na hakukuwa na mashua nyingine majini.

Hanif anakuja!

Nilitakiwa kukaa tu. Nisigeuke, niyashike makasia, ningoje. Machozi yalinitoka. Nikamwita jina lake kwa sauti ndogo, nikamwomba msamaha, nikamwambia Jannat anamngoja. Pa-pa-pa-pa. Mashua ikatikisika kidogo, kama inapopandwa na mtu. Harufu ikanizunguka.

Kisha kiganja kilicholowa kikanigusa mgongoni. Taratibu. Pale pale kiunoni nilipojishika siku ile.

"Kaka," sauti ikasema sikioni, ikicheka. "Bado wakuuma?"

Niliruka.

Niliruka kwenye matope, nikaanguka, nikaamka, nikakimbia mpaka barabarani bila viatu. Nyuma yangu makasia yaliendelea kupiga maji papo hapo, pa-pa-pa, pa-pa... kisha yakaanza kwenda mbali. Sikugeuka nimtazame. Yeye, kama ni mpiga makasia, alikuwa ananitazama mimi.

Sijarudi Jipe tena. Jannat ni mjamzito, na nyumba nzima inashukuru. Mimi mgongo unaniuma sasa, unauma kweli, pale alipoweka mkono. Daktari hakuona kitu kwenye picha. Nguo ya ndani sehemu hiyo hukutwa na unyevu kila asubuhi, na harufu naijua.

Hanif amenionea huruma. Kila jioni baada ya magharibi huja chumbani kwangu na chupa ya mafuta ya nazi, ananiambia nilale kifudifudi, nami nalala. Jannat hutuchungulia mlangoni na kusema nimejaliwa ndugu.

Mikono yake ni baridi. Ananichua mgongo mara mbili, anapumzika. Mara mbili, anapumzika.