Kioo Kisichoitika

Kila asubuhi kabla ya shule, msichana mmoja wa darasa la sita alikunywa chai akiwa amesimama, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Chapuchapu. Mama yake alisimamia gari la kusambaza maji. Ofisi yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao: meza, simu na kishikwambi chenye orodha ya wateja. Mama alipanga zamu zao kwa kuburuta majina kwa kidole, na dereva akaifuata orodha kwenye simu yake.

Asubuhi moja mkunga wa zahanati alipiga simu. Mama aliipokea akiwa nje akikaza bomba la gari, mikono imejaa grisi, simu ameibana begani.

"Mwanangu, isogeze zahanati iwe ya kwanza!" alisema. "Tangi lao limekauka, na jirani yetu fundi cherehani yuko huko, ameshikwa na uchungu."

Chapuchapu aliuburuta mstari wa zahanati. Haukuinuka. Akauvuta tena, huku na huku. Majina yakarukaruka, kisha zahanati ikatoweka. Hakuna pengo lililofunguka kuonyesha ilikotua, wala hakuna kilichowaka. Orodha ilikuwa ndefu kuliko kioo cha kishikwambi. Angeipitia yote angejua. Lakini wenzake walikuwa wakimngoja nje.

Moyoni hakuwa na uhakika. Mdomo ukasema, "Tayari, mama!"

Kumbe zahanati ilikuwa imeshuka chini kabisa, baada ya kiwanda cha matofali.

Maji yalifika saa kumi jioni. Fundi cherehani alikuwa amejifungua mchana, katika chumba kisichokuwa na maji hata ya kunawa mikono. Mtoto alikuwa mzima, ila mama yake alipatwa na homa kali. Siku ya tatu hakumtambua hata mumewe.

Lawama zote zilimwangukia dereva, mzee mpole ambaye watoto walimtania kwa jina la Mzee Breki.

"Mimi nilifuata orodha, mama," alijitetea.

"Orodha tuliibadilisha!" mama alisema. " Labda macho yako yamechoka, mzee wangu."

Orodha ya siku ile ilikuwa imeshafutika, hakukuwa na ushahidi. Mzee Breki akaweka ufunguo wa gari mezani, taratibu, kwa mikono miwili. Chapuchapu alikuwa mlangoni akiona yote.

"Mama, si yeye," alisema huku akilia. "Ni mimi. Sikuwa na uhakika, nikasema tayari."

Mama aliuchukua ufunguo mezani. Kisha alimrudishia mzee ufunguo na kumwomba radhi mbele ya binti yake. Jioni akamwita kaka yake, aliyeitengeneza programu ile ya orodha.

Mjomba aliijaribu, akatikisa kichwa. "Kosa langu hili. Mtu anapiga hodi, kioo hakiitikii. Atajuaje kama amepokelewa?"

Aliirekebisha kwa siku mbili. Sasa ukibonyeza mstari, unainuka na kuweka kivuli. Majina mengine yanapisha, pengo linaonekana pale utakapotua. Ukiuachia, unawaka kijani na namba yake mpya inatokea.

Fundi cherehani alirudi nyumbani baada ya mwezi mzima, amekonda, hana nguvu ya kumbeba mwanawe. Mama alimchukua Chapuchapu kwenda kumwomba msamaha. Njiani miguu ya Chapuchapu, kwa mara ya kwanza, ilikuwa mizito.

"Mama, kwani kioo nacho hakikukosea?"

"Kilikosea, na mjomba wako amekitengeneza. Lakini kioo kilinyamaza kwa sababu hakikufundishwa kusema. Wewe una mdomo. Siku nyingine ukiwa huna uhakika, sema, 'Mama, sina uhakika.' Maneno hayo hayamuui mtu. Kuyaficha ndiko kulikotaka kumuua jirani yetu."

Wakafika mlangoni. Dirishani cherehani ilikuwa imefunikwa kwa shuka.

"Haya, piga hodi," mama alisema.

Chapuchapu akapiga hodi, akangoja. Ndani palikuwa kimya. Kisha sauti dhaifu ikaitika, "Karibu."