Umekaza, Chiriku?

Nguru! Nguru! Kisha ikafuata vuuum, sauti nzito na nyororo. Jikoni, msichana aliyekuwa akisugua vyombo aliliacha sufuria na povu lake, akatoka mbio uani bila ndara.

"Limewaka! Mama, gari limewaka!"

Nyumbani walimwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Tangu injini ya gari lao ilipokufa, yeye na mama yake walisukuma mkokoteni kila alfajiri, wakipeleka mikate madukani kabla ya shule. Viganja vyake vilikuwa vimeota sugu. Ndiyo maana ngurumo ile ilimwingia masikioni kama wimbo.

Mjomba wake, fundi wa magari, alikuwa ameiinamia injini aliyoifumua na kuiunda upya.

"Dada," alimwambia mama yake Chiriku, "vyuma vya humu ndani ni vipya. Bado vinasuguana, havijazoeana. Leo litembeze tupu, bila mzigo. Ongeza mwendo kidogo, punguza, ongeza tena. Ukilifanyia pupa, tutarudi kwenye mkokoteni."

"Nimekusikia, mdogo wangu. Nitalilea kama mtoto mchanga."

Mjomba alizima injini, akaongeza oili kidogo, akaelekea bombani kunawa. "Chiriku, kifuniko cha oili hicho hapo. Kifunge, ukikaze."

Chiriku alikiweka kifuniko mahali pake, lakini macho yake yalikuwa kwenye kiti cha mbele. Alikizungusha kidogo tu, akashusha boneti, akarukia ndani.

"Umekaza?" Mjomba aliuliza, mikono imejaa sabuni.

"Nimekaza, Mjomba! Mpaka mishipa imenitoka!"

Wakaondoka. Mama aliendesha taratibu, akiisikiliza injini kama anayesikiliza pumzi za mgonjwa aliyepata nafuu. Mara mvulana mmoja wa darasani kwao Chiriku akawapita kwa baiskeli, kengele ikilia.

"Chiriku! Shukeni mlisukume, mtafika mapema!"

Chiriku alijikunyata chini ya dirisha. "Mama, kaza mwendo jamani! Aibu gani hii?"

"Aibu haiunguzi injini, mwanangu. Pupa ndiyo inayounguza."

Hawakufika mbali. Harufu kali ya oili inayoungua iliwajia puani, kisha moshi mwembamba ukachomoza pembeni mwa boneti. Mama alisimamisha gari kando ya barabara na kuzima injini.

"Ndugu yangu ameniponza! Watu waliniambia, kazi usimpe ndugu. Kumbe amefunga injini ovyo ovyo! Tunarudi kwake sasa hivi. Leo atanitambua!"

Mkono wake ulikuwa tayari kwenye ufunguo. Chiriku aliudaka mkono ule. Angenyamaza, lawama zote zingemwangukia Mjomba, mtu aliyelala chali chini ya gari lao siku nzima juu ya kipande cha boksi.

"Mama, usiwashe!" alisema, machozi yakimlengalenga. "Si Mjomba. Ni mimi. Sikukaza kifuniko."

"Si ulisema umekaza?"

"Mdomo ndio uliokaza, Mama. Mkono haukukaza."

Mama akashuka na kuinua boneti. Kifuniko kilikuwa kimelala kando ya betri, na oili imetapakaa kila mahali. Alimpigia simu Mjomba, akamsimulia yote kwa sauti ya chini, hata ile aibu ya mwendo, bila kumgombeza binti yake.

Mjomba alikuja kwa pikipiki, kopo la oili mkononi. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakichovya tena. Mama na binti walishikana mikono.

"Imepungua, haikuisha," alisema hatimaye. "Huo moshi ni wa oili iliyorukia chuma cha moto. Injini ni nzima."

Mama alishusha pumzi ndefu, kisha akaanza kucheka na kulia kwa pamoja.

Mjomba alijaza oili na kumpa Chiriku kifuniko. Safari hii Chiriku alikaza kwelikweli. Injini ikawaka, vuuum, tamu kama asubuhi.

"Sikia, mpwa wangu," alisema Mjomba. "Mwendo ule uliouonea aibu ndio uliotuokoa. Mngekimbia, oili yote ingeruka. Na ungenyamaza, mama yako angewasha gari kunifuata, vyuma vikashikana, nasi tukaikosa injini. Kosa lako lilikuwa baya, lakini umelisema lingali dogo. Kosa lililofichwa hukua. Siku nyingine, neno 'nimekaza' lisitoke kinywani kabla mkono haujamaliza."

Chiriku alijifuta machozi kwa mkono wenye oili, akabaki na mstari mweusi shavuni.

"Mjomba, ukiniuliza tena kama nimekaza, nitarudi kwanza nikishike kwa mkono wangu, ndipo nikujibu."

"Hata kiti cha mbele kikikuita?"

"Hata kikiniita kwa jina, Mjomba. Nakuahidi."