Sauti Mpya za Marehemu

Majini wa usiku kila mtu anawajua, wamesimuliwa mpaka wamechakaa. Huyu alikuja mchana kweupe, jua likichoma bati, na alianza kwa kukohoa. Anayetaka kubisha na abishe, ila akimaliza asilale redio ikiwa inaongea.

Kikohozi kilitoka kwenye runinga ya sebuleni. Kadogo, aliyepewa jina hilo akiwa mchanga na siku hizi anainama kupita mlangoni, alikuwa jikoni akimenya viazi. Kisu kikasimama. Alikijua kikohozi kile: kikavu, mara mbili, kisha pumzi ndefu. Kilikuwa cha mama yake, na mama yake walikuwa wameshamzika.

Akampigia simu mjomba wake.

Mjomba mwenyewe, mdogo wa marehemu tumbo moja, mtaa mzima ulimwita Injinia. Chuo alikiona kwa nje tu akipita na baiskeli, lakini mpe bisibisi na kipande cha waya, atakuunganishia mbingu na ardhi na waya ubaki. Ndiye aliyefunga kisanduku cha kutunzia sauti za marehemu. Baada ya mazishi alikuta sauti za dada yake zimezagaa kama vifaranga: nyingine kwenye simu ya mume, nyingine kwenye simu ya Kadogo, video za harusi za watu anamosikika kwenye kompyuta kuukuu ya karakana ya kushonea. Akaleta kisanduku cheusi chenye diski mbili tumboni, akakichomeka kwenye ruta, akafungua folda moja akaiita "Mama", akahamishia kila kitu humo. Ukiwa sebuleni unamsikia kwenye runinga, ukiwa chumbani kwenye simu, ukiwa kwenye cherehani kwenye kompyuta. Tena kitu kipya kikiingia kwenye folda, runinga inakicheza yenyewe. Hilo alilionea fahari kuliko yote.

"Diski mbili, shemeji," alijigamba siku ile. "Hii ikifa, ile inayo. Dada hapotei tena."

Shemeji yake, mgane na fundi cherehani, alikataa jambo moja tu. "Neno la siri la nini? La benki lenyewe nalisahau, nije nifungiwe nje na mke wangu? Acha wazi."

Injinia, aliyechoshwa na wateja wa kumpigia kila asubuhi wamesahau neno la siri, akaacha wazi. Yeyote aweze kusoma, kuandika na kufuta, hata mgeni asiye na jina. Halafu, kwa kutaka simu zipate nafasi, hakunakili zile sauti. Alizihamisha. Kwa hiyo kila alichowahi kusema yule mwanamke kikawa mahali pamoja, na mahali penyewe hapana komeo.

"Mjomba," Kadogo alinong'ona simuni, "kuna sauti sijawahi kuisikia."

"Ziko nyingi. Mama yako na ukimya walikuwa hawasalimiani."

"Ina tarehe ya leo."

Injinia akacheka kile kicheko cha fundi anayetafuta muda. "Saa ya mashine imeruka hiyo. Nakuja."

Alipoingia sebuleni, kilichompokea ni harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi, ilhali sakafu ilikuwa imepigwa deki. Fundi cherehani alikuwa ameketi mbele ya runinga, utepe wa kupimia shingoni, suruali ya mteja magotini haina hata mguu mmoja. Alikuwa anatabasamu. Tangu msiba hakuna aliyemwona akitabasamu.

"Keti, shemeji. Anaongea."

Na runinga, kwa ile sauti nzito kidogo ambayo Injinia alikua akiisikia kitanda kimoja, ikasema, "Mmekula? Bati la jikoni linavuja, lizibeni."

Bati lilianza kuvuja juzi. Dada yake alizikwa likiwa zima.

Injinia akaondoa waya wa intaneti, akidhani kuna mhuni wa mbali anawachezea, na sauti ikaendelea kuingia, moja baada ya nyingine, nyumba ikiwa haina njia ya nje hata moja. Mume akisema jambo, folda inapata kitu kipya. Akisema amechoka, inakuja, "Pumzika, mume wangu." Akilia, inakuja pumzi tu, karibu mno na kipaza sauti.

Siku zilizofuata cherehani ilikauka mafuta. Wateja walibisha wakaondoka. Fundi mwenyewe alikuwa anakula mbele ya runinga, na mwishowe akaacha kula.

Aliyegundua lililo baya zaidi ni Kadogo. Alitaka kuusikia ule ujumbe mama yake aliomtumia siku alipopata kazi yake ya kwanza, ambamo mama anaanza kumpongeza, analia, anasingizia mafua. Hakuupata. Akatafuta wimbo wa jikoni alioimba bila kujua anarekodiwa. Haupo. Injinia akachungulia folda: sauti mpya zinaongezeka na folda haiongezeki. Kila moja iliyoingia, moja ya kweli ilikuwa imetoka.

"Diski ya pili, mjomba. Si ulisema ile inayo?"

Injinia akaitazama bisibisi yake. "Ya pili inaiga ya kwanza, Kadogo. Kikifutwa huku, kinafutwa na kule. Nilijisifu tu."

Walimweleza fundi cherehani taratibu, kama anavyoelezwa mgonjwa. Hakugeuza kichwa. "Za zamani nazijua kwa moyo," alisema. "Hizi zinanijibu."

"Mimi sizijui kwa moyo, baba," Kadogo akasema. "Mimi nilikuwa nadhani zitakuwepo."

Ndipo akaletwa mtabibu wa majini, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi, ambaye alivua viatu, akanusa, na akagoma kuvuka kizingiti cha sebule.

"Hiki si marehemu," alisema kwa sauti ya chini. "Hakina sauti yake. Kinakula ya mtu, ndipo kinasema. Kikimaliza ya mama kitataka ya mwana."

"Kitoe basi, mama," Injinia alimsihi.

"Nitakisomea. Mlango utaufunga wewe uliyeuacha wazi. Ila mwenye nyumba akiwa bado anakiita, kitarudi hata kwa tundu la sindano. Wewe baba, mkeo alikuwa na jina la kukuita mkiwa wawili tu? Ambalo halijawahi kupita simuni?"

Fundi cherehani akaona haya kama kijana. "Lipo."

"Mwambie akuite."

Akainuka, akaigusa runinga kwa kiganja na kusema polepole, "Niite, mama. Niite lile." Ikaingia sauti ikimwita baba Kadogo, kisha nyingine ikimwita fundi, kisha nyingine ikimwita mume wangu, mpenzi, mzee, we baba we, zikaja kwa kasi moja juu ya nyingine, na Injinia akiwa na simu mkononi aliziona sauti za kweli za dada yake zikitoweka kwenye orodha, harusi ile, wimbo ule, kicheko kile, zikiliwa ili kitu kile kipate mdomo wa kubahatisha jina ambalo hakikuwahi kulisikia, na udongo ukanuka mpaka mate yakawa machungu, na ile sauti haikuwa tena ya mwanamke wala ya mtu, ilikuwa inaomba.

Yule mume akaondoa kiganja chake.

"Funga, shemeji," akasema.

Injinia akafunga. Akamwondoa kwenye folda yule mgeni asiye na jina, akaweka neno la siri, vidole vikikosea na kurudia, huku mtabibu akisoma kizingitini. Runinga ikakatika katikati ya neno. Harufu ikaondoka taratibu.

Ndani ya folda ilikuwa imebaki sauti moja. Wakaicheza, wote wamesimama.

"Mbona mmenifungia nje? Nifungulieni, nalowa."

Kadogo akamtazama mjomba, mjomba akamtazama mtabibu, mtabibu akavaa viatu vyake.

"Alishawahi kulowa hapo nje," fundi cherehani alisema hatimaye. "Zamani. Nilipitiwa na usingizi, akanipigia." Akasita. "Nadhani alinipigia. Ni yake hii, shemeji?"

Tarehe ilikuwepo pale pale, kidole kimoja tu na ingefunguka, ya zamani au ya leo. Injinia hakuigusa.

"Ni yake," alisema, kwa sauti ya fundi anayejua kazi yake.

Cherehani inafanya kazi siku hizi, na suruali za watu zina miguu yote miwili. Ila mvua ikianza tu, yule bwana huacha kitambaa chini ya sindano, huenda mlangoni na kuweka mkono kwenye komeo. Hafungui. Wala haondoki mpaka ikatike.