Radi Isiyosubiri

Meneja Kornfeind wa jumba la maigizo alikutwa ameangukia meza yake kifudifudi, kisogo kimepasuka, kahawa yake bado ya moto. Ghorofa ya chini, onyesho la Jumapili mchana lilikuwa linaendelea.

Inspekta Zehetner wa polisi wa mji wa Linz hakuwa mtu wa kumwamini yeyote, hata marehemu. Mhudumu aliyepeleka kahawa aliapa kwamba alimwacha meneja mzima, tufani ya jukwaani ikianza. Ilipokwisha akarudi kuchukua kikombe, akamkuta maiti. Basi muuaji alikuwa na dakika nne tu za radi, na dakika hizo kundi zima la waigizaji lilikuwa jukwaani mbele ya watazamaji. Isipokuwa Wenzel Sagmeister, mpiga radi, anayejibanza nyuma ya pazia akitikisa bati lake litoe ngurumo.

"Si mlinisikia?" Wenzel aliuliza, kama mtu aliyechoshwa na maswali ya kitoto. "Ukumbi mzima umenisikia."

Kweli walimsikia, na hilo ndilo lililomkera Inspekta. Kando ya bati palikuwa na mashine mpya ya kanda, yenye radi iliyorekodiwa, ambayo meneja aliileta wiki ile. Wenzel akasema dude hilo hajaligusa wala hataligusa. Wenzake wakaguna; walijua anavyolichukia.

Bibi Hedwig Lorant, mwigizaji mkongwe, alikuwa anajifuta rangi usoni kwa hasira. Hata kabla hajaulizwa alianza kumlalamikia Wenzel.

"Amekufanya nini, mama?"

"Miaka ishirini na sita radi yake inaningoja nivute pumzi. Leo imenikatiza kauli. Mara mbili! Nikasema huyu leo kalewa."

Zehetner hakuaga. Aliwaita wataalamu wapake unga kwenye swichi ya mashine. Alama za vidole zikatokea, kubwa, za mtu mmoja. Akamrudia Wenzel.

"Bibi Lorant anasema leo hukumngoja."

Wenzel akakaa chini taratibu.

"Amelalamika?"

"Sana."

Loh, mzee akatabasamu. Machozi yalimtoka huku anatabasamu.

"Nilimwambia meneja mashine haimsikilizi mwigizaji. Akanicheka. Akasema hakuna atakayejua tofauti, na kesho nisije kazini. Nikaiwasha mashine yake, nikachukua nyundo ya jukwaani."

Akanyoosha mikono afungwe pingu. Walipofika mlangoni akasimama.

"Bwana Inspekta, nakuomba kitu kimoja. Mwambie Hedwig ile radi haikuwa yangu."